Kung'arisha mvinyo kwa unga wa kuchujia: maswali yanayotufikia kila msimu

Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo na maswali huja mara mbili: mavuno ya Machi yakishachachuka, na tena yale ya Agosti na Septemba. Mengi yanatoka kwa watu wenye simtanki mbili tatu nyuma ya nyumba, na vikundi vilivyokopa pesa vikanunua mashine ya kuchujia ambayo sasa imefunikwa turubai. Nimeandika hapa majibu ninayoyatoa kwenye simu, maana mtu hajibu vizuri akiwa ameibana simu begani na mpira wa pampu mkononi.

Unga wa kuchujia ni nini? Unachujaje wakati wenyewe ni unga?

Chukua machujio mawili ya chai. Moja litie mchele, jingine unga wa ngano, kisha mwagia maji. Kwenye mchele maji yanapita kama hakuna kitu. Kwenye ngano yanapita kidogo, halafu unga unashikana, unageuka kinata, na maji yanabaki yamesimama juu.

Mashapo ya mvinyo yana tabia ya ule unga wa ngano. Chachu iliyokufa, mabaki ya nyama ya zabibu na utelezi wa matunda uitwao pektini vikilala juu ya kitambaa cha kuchujia vinajibana na kuziba njia. Watu hulaumu kitambaa, wanakwenda kununua chenye matundu makubwa zaidi, na kinaziba vilevile.

Sasa changanya ule unga wa ngano na mchele mwingi, umwagie maji tena. Njia zinabaki wazi kati ya punje na punje. Unga wa kuchujia ni huo mchele: chembe ngumu, zenye umbo la hovyohovyo, zisizokubali kubanwa. Zinajipanga pamoja na uchafu na kujenga ukoko wenye vichochoro vingi mno. Mvinyo unapita kwenye vichochoro, uchafu unanasa. Waliokulia pwani wameliona hili kwenye kifumbu cha nazi: ukishaanza kukamua, machicha yenyewe ndiyo yanayolichuja tui.

Kwenye mvinyo utakutana na aina tatu. Diatomaiti ndiyo ya zamani na ndiyo inayotoa mng'ao mzuri zaidi. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichopashwa moto wa nyuzi 850 hadi 900 hivi. Maji yaliyofungiwa ndani yake hugeuka mvuke na punje inafura kama bisi. Perlaiti ni nyepesi, kwa hiyo kilo moja inajaza nafasi kubwa zaidi, na inafaa kwa mvinyo mchafu au kwa mashapo. Selulosi ni nyuzi za miti. Zenyewe hazing'arishi sana, ila zinashikilia ukoko usipasuke. Mimi huchanganya kidogo ya selulosi kwenye tabaka la kwanza kila mara. Sijawahi kujuta.

Hiyo diatomaiti inachimbwa wapi? Ni udongo?

Ni magamba. Diatomu ni mwani wa seli moja unaoishi majini na kujijengea gamba la silika, yaani kitu cha jamii ya kioo. Wanapokufa magamba yanazama, na ziwa likidumu kwa maelfu ya miaka, chini yake panajengeka mwamba mweupe mwepesi kama chaki. Kila gamba lina vitundu vilivyopangika vizuri, na thamani yake yote kwetu iko humo.

Ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, karibu na Ziwa Elmenteita, kuna machimbo meupe ya Kariandusi. Huo weupe ni diatomaiti, masalia ya ziwa la kale la Bonde la Ufa, na imekuwa ikichimbwa pale tangu miaka ya 1940. Jirani kabisa ndipo mwanaakiolojia Louis Leakey alipokuta mashoka ya mawe ya watu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuchukua bonge pale akasage nyumbani. Hapana. Mwamba ukitoka ardhini una udongo, chuma na mabaki ya viumbe. Ili ufae kuchujia kinywaji unakaushwa, unachomwa kwenye tanuri, unapepetwa na kupangwa kwa madaraja ya ukubwa wa chembe. Uliochomwa peke yake huwa na rangi ya waridi iliyofifia. Uliochomwa pamoja na magadi soda huwa mweupe pe na chembe zake ni kubwa zaidi.

Bentonaiti si ndiyo hiyohiyo?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na kosa lake ni la gharama. Mtu ananunua bentonaiti anaitandika kwenye mashine, na mashine inaziba kabla lita 50 hazijapita.

Bentonaiti ni udongo wa mfinyanzi. Jina lake limetokana na Fort Benton huko Marekani. Ukilowa unafura na kuwa kama uji. Haifanyi kazi ya kuchuja bali ya kunasa: ina chaji hasi, protini za mvinyo zina chaji chanya, vinavutana na kuzama pamoja. Kazi hiyo hufanyika ndani ya tangi, siku kadhaa kabla ya mashine kuwashwa.

Jinsi ya kuitumia kwa ufupi: nyunyiza gramu 5 kwa kila mililita 100 za maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, koroga, acha ilale usiku kucha. Kesho yake mimina polepole kwenye mvinyo huku mtu mwingine akikoroga. Kiasi cha kawaida ni gramu 30 hadi 100 za unga mkavu kwa lita 100 za mvinyo, na njia pekee ya kujua kiasi chako ni kujaribu kwanza kwenye chupa ndogo nne au tano zenye viwango tofauti. Acha itulie wiki moja hadi mbili, kisha hamisha mvinyo wa juu kwa mpira bila kutibua chini. Ule uji wa chini usiupeleke kwenye mashine.

Kwani lazima nichuje? Mzee wangu alikuwa anaacha mvinyo unatuama tu.

Si lazima. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usiobaki na sukari, uliokaa miezi sita na kuhamishwa mara tatu unaweza kung'aa vya kutosha, na mimi binafsi naupenda hivyo. Kila kuchuja kunaondoa kitu, hata kama ni kidogo. Mzee wako alikuwa na haki.

Ila alikuwa anauza kwa majirani, kwa jagi, na hakuhitaji kulisubiri tangi litoke ili aingize mavuno ya pili. Wewe una mavuno Machi na mengine Agosti, una simtanki chache, na duka la mjini halipokei chupa yenye tope chini. Joto letu nalo halisaidii: kwenye chumba cha nyuzi 28 mashapo hayatulii kama kwenye handaki la Ulaya, na bakteria hawalali. Hapo unga wa kuchujia unakununulia muda. Hata hivyo, kila wiki ya kutuama unayoweza kuivumilia inapunguza unga, maji na jasho. Mvinyo niliouhamisha mara mbili hula nusu ya unga wa ule uliotoka moja kwa moja kwenye uchachuaji.

Nitajuaje kama mvinyo wangu uko tayari kwenda kwenye mashine?

Kuna majaribio manne, na yote yanawezekana jikoni.

La tochi: jaza glasi, zima taa, mulika kutoka ubavuni. Ukiona mwale wa tochi umechoreka ndani ya mvinyo kama mwanga wa gari kwenye vumbi, bado una chembe nyingi. Maabara hupima hili kwa kipimo kiitwacho NTU. Mvinyo mweupe wa chupa unatakiwa uwe chini ya 1 au karibu na hapo.

La pektini: mililita 10 za mvinyo kwa mililita 20 za alkoholi ya asilimia 95 au zaidi. Tikisa, subiri dakika kumi. Yakitokea mabonge au nyuzi kama makamasi, pektini bado ipo. Usichuje. Weka pektinasi, kimeng'enya cha kuvunja pektini, ngoja, pima tena. Mchanganyiko wa jaribio umwagwe, asionje mtu.

La joto, kwa mvinyo mweupe na wa waridi: chuja kiasi kidogo kwa karatasi, tia kwenye chupa ndogo, iweke kwenye maji ya nyuzi 80 kwa saa mbili, kisha iache ipoe. Ukitokea ukungu, una protini, rudi kwenye bentonaiti.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote na halimo kwenye vitabu vingi. Chukua karatasi ya kuchujia kahawa na saa ya simu. Pitisha mililita 100, andika sekunde. Pitisha mililita 100 nyingine kwenye karatasi ileile, andika tena. Kama mara ya pili imechukua zaidi ya mara mbili ya muda wa kwanza, mvinyo huo utakusumbua kwenye mashine. Usiulazimishe.

Tafadhali eleza hatua za kuchuja zenyewe, kwa vipimo.

Nitachukulia mashine ambayo wengi mnayo: ya sahani na fremu, sentimita 40 kwa 40, yenye karatasi 20 za kushikilia unga. Eneo lake ni kama mita za mraba 3.2. Mvinyo wa mfano ni lita 1,200 za mweupe, umeshahamishwa mara mbili.

Kazi ina sehemu mbili, na sisi tuliozoea huziita kutandika na kulisha.

Kutandika ni kujenga tabaka la kwanza la unga safi kabla mvinyo mchafu haujafika. Unahitaji kilo moja hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo kilo 3 kwa mashine hii. Igawe mara mbili. Nusu ya kwanza iwe unga wa chembe kubwa uliochanganywa na selulosi. Nusu ya pili iwe unga wa daraja unalotaka kuchujia. Koroga kila nusu kwenye ndoo ya maji safi au ya mvinyo uliokwisha kuchujwa, hadi iwe kama maziwa mazito. Zungusha kwa pampu kutoka kwenye ndoo hadi mashine na kurudi kwenye ndoo ileile, bila kusimama. Mwanzo kwenye kioo cha kuchungulia utaona weupe. Baada ya dakika kumi au kumi na tano panakuwa angavu kama maji ya kunywa. Hapo unga wote umelala juu ya karatasi, unene wa milimita 3 hivi.

Usisimamishe pampu. Nalirudia kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu: tandiko limeshikiliwa na mwendo wa maji tu. Badilisha koki kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye tangi la mvinyo taratibu, huku mtiririko ukiendelea. Kama ulitandika kwa maji, lita za mwanzo zitatoka zimechanganyika na maji. Onja, zimwage mpaka ladha ya mvinyo itimie.

Kulisha ni kuongeza unga ndani ya mvinyo wenyewe muda wote wa kuchuja, ili ukoko uendelee kukua ukiwa na vichochoro. Wenye mashine kubwa wana pampu ndogo ya kudungia. Wewe unaweza kuupima unga wote, ukaukoroga kwenye tangi la kuanzia, na kumweka kijana mmoja anayekoroga polepole usizame. Anza na gramu 1 kwa lita, yaani kilo 1.2 kwa tangi hili. Mvinyo safi zaidi hutosheka na nusu gramu, mchafu huenda hadi gramu 2. Ukiona unahitaji zaidi ya hapo, zima mashine, urudi kwenye kutuama.

Mwendo: kati ya lita 1,000 na 1,500 kwa saa kwa mashine hii. Wenye haraka hufungua pampu yote wakidhani wanaokoa muda. Kasi inaubana ukoko mapema na mnamaliza mkiwa mmechelewa.

Na jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo ya mashine: weka mpira wa kurudishia chini ya uso wa mvinyo, usiache unamwagika kutoka juu kama bomba la kisimani. Mvinyo mweupe unaopigwa hewa unageuka rangi ya chai ya jana. Pima salfa, ile dawa ya kuhifadhia mvinyo, kabla na baada ya kuchuja, na kama una gesi ya kaboni dioksidi, ijaze kwenye tangi la kupokelea kwanza.

Ninunue daraja gani la unga?

Chembe kubwa hupitisha haraka na kuacha ukungu mwembamba. Chembe ndogo hung'arisha na kwenda polepole. Kwa mvinyo mwekundu mchanga, chembe kubwa. Kwa kumalizia mweupe, ndogo. Mwenye pesa ya mfuko mmoja tu anunue la kati, atalipia kwa muda lakini litamfikisha. Maandishi ya "daraja la chakula" yawepo kwenye mfuko, na mfuko uwe haujafunguliwa: unga huu hunyonya harufu, na nimewahi kukuta uliohifadhiwa karibu na dizeli. Mvinyo wake ulinuka gereji.

Presha inapanda haraka mno. Na siku nyingine haipandi kabisa lakini mvinyo unatoka na ukungu. Kwa nini?

Haya ni magonjwa mawili.

Inayopanda haraka, kwa kawaida unga wa kulisha ni mdogo kuliko uchafu. Ongeza, na upunguze mwendo. Isiposhuka kasi ya kupanda, tafuta pektini, au bentonaiti iliyovutwa kutoka chini ya tangi kwa sababu mpira uliingizwa mpaka chini. Geji inayopanda polepole na kwa mpangilio, kama maji ya ndoo kwenye bomba dogo, ndiyo afya. Mimi husimama tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka ikifika baa 2.5, hata kama mtengenezaji wa mashine anaruhusu zaidi.

Isiyopanda kabisa ni mbaya zaidi kwa sababu inafurahisha. Maana yake mvinyo umepata njia ya mkato: karatasi imekunjwa kona, tandiko limepasuka, au unga ni wa chembe kubwa kuliko uchafu wenyewe. Rudisha mvinyo kwenye tangi la kwanza, zungusha dakika kumi. Usipong'aa, fungua mashine.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Septemba moja tulikuwa tumefika kama lita 800 za mvinyo mweupe. Umeme ukakatika. Nikasikia pampu inavuta pumzi ya mwisho, nikaangalia geji ikishuka hadi sifuri, nikatoka nje kupunga upepo na wenzangu. Dakika arobaini baadaye umeme ukarudi, kijana akabonyeza swichi, na mvinyo ukaenda moja kwa moja kwenye tangi la uliokwisha kuchujwa. Niliposogea kwenye kioo cha kuchungulia niliona maziwa. Sahani za mashine ile zimesimama wima, na presha ilipokwisha ukoko wote uliteremka chini kama theluji kwenye friza ya zamani. Tulichuja tena tangi zima, lita 800 safi pamoja na chafu, na mvinyo ule haukurudisha harufu yake ya mapera.

Tangu siku hiyo: umeme ukikatika, mtu wa kwanza anafunga koki ya kutokea, wa pili ya kuingilia, papo hapo, ili presha ibaki ndani. Umeme ukirudi, mvinyo unazungushwa kwenye tangi chafu kwanza, haijalishi umekatika kwa sekunde ngapi. Na jenereta haisaidii kitu kama inachukua dakika tano kuwashwa.

Nilichuja ukang'aa kama kioo. Baada ya mwezi ukarudi na ukungu. Niliuziwa unga mbovu?

Unga hauna kosa. Kichujio kinaondoa kinachoelea. Kilichoyeyuka kinapita nacho salama, kinangoja siku yake.

Mteja mmoja alipeleka katoni Dar es Salaam kwa lori, mchana, mwezi wa Desemba. Zilipofika, mvinyo mweupe ulikuwa na wingu. Hiyo ilikuwa protini: kwenye baridi ilikuwa imeyeyuka, joto likaigandisha kama ute wa yai kwenye kikaango. Jaribio la nyuzi 80 lingeionyesha kabla.

Ukikuta chengachenga zinazong'aa kama sukari baada ya chupa kukaa kwenye friji, hiyo ni chumvi ya tindikali ya zabibu inayoganda kwa baridi. Haidhuru mtu, lakini mteja anadhani ni chupa iliyovunjika. Dawa yake ni kuupoza mvinyo kwa makusudi hadi karibu nyuzi 4 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, na kuuchuja ukiwa baridi vilevile. Ukiuacha upate joto kwanza, chenga zinayeyuka na kupita.

Na ukungu ukiambatana na vipovu na vizibo vinavyosukumwa, una chachu hai. Soma swali la kujaza chupa hapo chini, leo.

Unga unaharibu ladha au rangi?

Tandiko lisilosuuzwa linaacha ladha ya udongo, na karatasi mpya zinaacha ladha ya boksi. Kabla ya mvinyo kuingia, pitisha maji safi, kisha maji yenye tindikali ya limau ya asilimia 1, kisha maji safi tena, mpaka ukionja maji yanayotoka usiyatofautishe na yanayoingia. Tindikali hiyo pia inaondoa chembe za chuma zilizomo kwenye unga.

Mwekundu utapoteza rangi kidogo, hasa mchanga. Baada ya kuchuja mvinyo huwa kama umenuna kwa wiki mbili tatu, harufu haitoki. Usiuhukumu siku hiyo.

Nimesikia vumbi lake ni hatari. Kweli?

Kweli, na ndilo jibu ambalo ningependa lisomwe hata kama mengine yanarukwa.

Ukishalowa, unga huu hauna madhara na hauingii kwenye mvinyo unaokunywa. Hatari iko kwenye vumbi kavu. Diatomaiti iliyochomwa, hasa ile nyeupe ya magadi soda, ina silika ya fuwele iitwayo kristobalaiti. Tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka silika ya fuwele inayovutwa puani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kabla ya saratani kuna silikosisi, kovu la mapafu lisilopona, ambalo wachimbaji wa madini wanalijua kwa jina na kwa majirani waliowazika.

Kwa hiyo: barakoa ya kuzuia vumbi laini, ya P3, au N95 kama hakuna nyingine, leso na ile barakoa ya kitambaa si kitu. Mfuko ukatwe chini, karibu na ndoo, na unga uteremshwe polepole ndani ya maji, usimwagwe kutoka kifuani. Feni izimwe. Sakafu ilowekwe kwanza, fagio livute tope. Anayekoroga unga siku nzima kwa sababu ni "kazi nyepesi", mara nyingi ni kijana mdogo kuliko wote, na yeye ndiye apewe barakoa nzuri kuliko wote.

Mwenye ugonjwa wa mapafu au pumu asifungue mfuko. Mpe kazi ya geji.

Shabu si inatuliza maji? Na mbegu za mlonge? Na ule unga mweupe wa kuhifadhia mahindi?

Shabu ni chumvi ya aluminiamu. Inatuliza maji ya kisima vizuri, lakini haimo kwenye orodha ya vitu vinavyokubalika kung'arishia mvinyo, na kwenye kinywaji chenye tindikali kama hiki inaacha aluminiamu na ukakasi mdomoni. Mlonge unafanya kazi kwenye maji kwa protini yake. Kwenye mvinyo utakuwa umeongeza protini uliyokuwa unahangaika kuiondoa.

Unga wa kuhifadhia nafaka, wa maduka ya pembejeo, mwingine kweli ni diatomaiti, ila upo uliochanganywa na sumu ya wadudu. Wa mabwawa ya kuogelea nao ni diatomaiti, lakini haukutengenezwa wala kupimwa kwa chakula. Bei yake inavutia, najua. Hapana kwa vyote viwili.

Ute wa yai unaruhusiwa na ni wa kale: kwa pipa la lita 225 la mwekundu mkavu mkali, mayai machache, manne au sita, yanatosha kulainisha ukakasi. Piga ute na chumvi kidogo bila kutoa povu, uache utulie, hamisha, kisha ndipo uchuje. Taja yai kwenye lebo, kuna watu mayai yanawadhuru.

Ninatengeneza mvinyo wa ndizi, si wa zabibu. Yote haya yananihusu?

Yanakuhusu maradufu. Ndizi imejaa pektini na wanga. Tumia pektinasi tangu siku ya kwanza, kabla ya chachu, na kama ndizi hazikuiva sawasawa tumia pia kimeng'enya cha kuvunja wanga. Tone la iodini kwenye sampuli likigeuka bluu, wanga bado upo. Perlaiti ya chembe kubwa kwanza, diatomaiti baadaye. Rosela ni rahisi zaidi, ila rangi yake inanaswa na bentonaiti, kwa hiyo ipunguze.

Nikishachuja kwa unga naweza kujaza chupa siku hiyohiyo?

Mvinyo mkavu kabisa, wenye salfa ya kutosha, ndiyo, wengi hufanya hivyo.

Mvinyo mtamu, usithubutu, na soko letu linapenda utamu. Chachu ina upana wa maikroni 5 hadi 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita); unga unaondoa nyingi, zinabaki chache, na chache zinatosha. Sukari iliyobaki, chumba chenye joto, kizibo kimefungwa: una mabomu kwenye rafu. Mvinyo mtamu unapita kwanza kwenye unga, halafu kwenye karatasi nene za kumalizia, halafu kwenye utando wa maikroni 0.45, muda mfupi kabla ya chupa. Utando huo ni ghali, na kazi halisi ya unga ni kuulinda usizibe. Kila kilicho baada ya utando, mipira, vijazo, vizibo, kiwe kimetakaswa kwa mvuke au maji ya moto. Nimeona watu wanachuja kwa utando na kusukuma mvinyo kwenye mpira ulioshinda sakafuni.

Tope la chini ya tangi lina mvinyo mwingi. Nalo lichujwe?

Viwanda vikubwa vina pipa linalozunguka lenye pampu ya kuvuta hewa: linatandikwa unga unene wa sentimita kadhaa, linazunguka ndani ya tope, na kisu kinakwangua ngozi nyembamba ya juu kila mzunguko ili uso uwe mpya. Kwa tangi lako dogo, mimina tope kwenye ndoo ndefu, weka mahali pa baridi siku tatu, chukua kinachoelea juu. Weka hicho peke yake. Usikirudishe kwenye mvinyo mzuri mpaka umekionja mara mbili, kwa siku mbili tofauti.

Unga uliotumika nikautupe wapi?

Usiusukumie kwenye mfereji. Unaganda kama saruji na utafukua bomba. Hauoshwi ukatumika tena, hata kama unaonekana mweupe. Ukwangue ukiwa umelowa, changanya na makapi ya zabibu na samadi, ufunike, ugeuke mboji ya kurudisha shambani kwenye mizabibu. Usiuanike juani ukakauka na kupeperuka mahali watoto wanapocheza. Karatasi za kushikilia zioshwe kwa maji ya baridi kwanza, halafu ya moto, zikaushwe zikiwa zimesimama. Zikitoa harufu ya uvundo hata kidogo, zichome moto, usizitumie tena.